Gereji ya Machomanne inayopima kwanza: tathmini ya huduma kwa pikapu ya zamani

Wenye pikapu za zamani kisiwani Pemba hatuna upungufu wa mafundi. Kuanzia Mkoani hadi Konde gereji zipo, na wengi wa mafundi wake ni hodari wa kufungua, kubadilisha na kufunga. Anayepatikana kwa nadra ni fundi atakayekubali kutumia asubuhi nzima kutafuta chanzo cha ubovu kabla hajabadilisha chochote, na ambaye yuko tayari kusema wazi kwamba kazi hiyo ya kutafuta ina bei yake, hata kama mwisho wake hakutanunuliwa spea hata moja. Gereji ninayoieleza hapa, iliyopo Machomanne, Chake Chake, inaendeshwa kwa kanuni hiyo, na baada ya kuiona ikifanya kazi kwenye gari letu naamini kwamba hii ndiyo huduma ambayo sisi wenye magari ya zamani tunaihitaji kuliko nyingine yoyote.

Gereji yenyewe ni banda la mabati lisilo na kibao, lenye nafasi ya gari moja ndani na jingine likisubiri nje. Fundi ameomba asitajwe jina kwa kuwa ana msaidizi mmoja tu na hataki kuahidi zaidi ya anavyoweza. Anayefika Machomanne na kumuulizia fundi anayepima injini kwa geji ataelekezwa bila taabu.

Gari tulilolipeleka ni Toyota Hilux yenye injini ya 22R, ya petroli, silinda 4, ukubwa wa sentimita za ujazo 2,366, inayolishwa kwa kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Toyota ilianza kuitoa injini hii mwaka 1981, na pikapu zilizofungwa injini hiyo bado zinafanya kazi za watu: kubeba magunia ya karafuu, mikungu ya ndizi, saruji na mbao, na panapokuwa na shughuli, masufuria na majamvi. Yetu huchukua karafuu za jamaa na majirani kutoka upande wa Mtambwe hadi kwenye kituo cha kununulia cha Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, na msimu unapofika inahitajika kila siku. Ikisimama, hasara inawafikia watu wengi.

Ubovu wake ulikuwa wa namna ambayo kila dereva wa gari la zamani ameshakutana nayo. Ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, injini ilitetemeka hadi vioo vya pembeni vikacheza, na dereva akiondoa mguu kwenye mafuta alipofika njia panda ilizimika. Kwenye barabara tambarare, bila mzigo, ilikwenda vizuri kiasi cha kumfanya mtu adhani imepona. Ikipakiwa mzigo na kuanza kupanda kilima ilimisi, yaani iliruka mapigo, ikapoteza nguvu na kutoa milio ya kupasuka kwenye bomba la moshi. Gereji ya mwanzo tuliyoipeleka, ambayo sina haja ya kuitaja, ilibadilisha plagi, kisha ikafunga kabureta mpya, na hali ilipobaki vilevile ikatoa uamuzi kwamba ringi za pistoni zimekwisha na injini lazima ifunguliwe yote, kwa gharama iliyozidi shilingi milioni moja. Uamuzi huo ulitolewa bila kupimwa kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani, hata ya silinda moja.

Machomanne mambo yalianzia kwenye maswali. Kabla ya kufunua boneti, fundi alimkalisha kijana anayeendesha gari letu na kumuuliza taratibu: "Mwanangu, inatetemeka asubuhi tu ikiwa baridi, au hata ikishapata moto? Ukikanyaga mafuta kidogo inatulia? Mlimani inamisi wakati huna mzigo, au mpaka uwe nao? Siku ya mvua inazidi? Ilianza ghafla au ilikuja kidogokidogo?" Kwa mtazamaji yaweza kuonekana ni mazungumzo ya kupotezea muda, lakini kila swali lilikuwa linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Injini inayotetemeka ikiwa sailensa na kutulia inapopandishwa mzunguko huelekeza kwenye hewa inayoingia kwa njia isiyo yake, kwa sababu tundu dogo lina athari kubwa pale hewa halali inayoingia ni chache, na athari hiyo humezwa mlango wa kabureta unapofunguka kwa kukanyaga mafuta. Injini inayomisi chini ya mzigo huelekeza kwenye umeme wa plagi au kwenye mafuta yasiyofika ya kutosha, kwa sababu silinda iliyojaa mchanganyiko mwingi wa hewa na petroli uliogandamizwa huhitaji umeme wenye msukumo mkubwa zaidi ili cheche iruke. Gari letu lilikuwa na dalili zote mbili, na fundi alisema mapema kwamba hatarajii kukuta ubovu mmoja. Sentensi hiyo peke yake ilinifanya nimwamini kuliko wote waliomtangulia, kwa sababu wao walikuwa wakitafuta jibu moja la kueleza kila kitu.

Baada ya hapo aliliwasha gari likiwa baridi na kulisikiliza bila kugusa kitu. Mafuta aliyapitia haraka: alikinga petroli kidogo kutoka kwenye mpira wa filta katika chupa nyeupe na kuiacha itulie, ili kama ina maji yaonekane yamekaa chini, kwani maji ni mazito kuliko petroli. Kwetu, ambako hewa ina unyevu mwingi na watu wengi huhifadhi petroli katika madumu, kipimo hiki hakipaswi kurukwa. Yetu ilikuwa safi.

Kipimo kilichofuata ndicho kilichonishawishi kuandika tathmini hii. Geji ya vakyumu ni kifaa kidogo chenye uso wa mviringo na mshale, kinachounganishwa kwa mpira kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, na huonyesha nguvu ya mvuto wa hewa unaotokea pistoni zinaposhuka huku mlango wa kabureta umefungwa. Injini yenye afya ikiwa sailensa, katika sehemu iliyo karibu na usawa wa bahari, huvuta baina ya inchi 17 na 21 za zebaki, na mshale husimama tuli. Pemba ina vilima vingi, lakini hakuna kilicho kirefu cha kubadilisha hesabu hiyo kwa kiasi cha kumpoteza fundi. Mshale wa gari letu ulikaa karibu na inchi 14, na hapohapo ulikuwa ukidunda kwa mpigo unaojirudia. Fundi alitueleza kwamba mambo hayo mawili yasomwe kila moja peke yake. Kukaa chini kwa mshale kulimaanisha ama hewa inaingia pasipostahili, ama cheche inachelewa kupiga; alipotumia taa ya taimingi akaona cheche inapiga kwa wakati wake, ikabaki hewa. Kudunda kwa mpigo kulimaanisha kuna silinda moja isiyofanya kazi yake kila zamu yake inapofika. Kifaa kile hakina betri wala kioo cha kidijitali, na kwa mtu anayejua kukisoma kinasema mengi kwa dakika chache.

Ili kuitambua silinda hiyo alichomoa nyaya za plagi mmoja baada ya mwingine, injini ikiwa inanguruma, kwa koleo lenye mpini uliozuiwa umeme, na kila waya aliouchomoa aliugusisha kwenye chuma cha injini ili umeme upate pa kupita usije ukaiumiza koili inayozalisha umeme wa plagi. Waya wa silinda ya 1 ulipotoka, mzunguko ulishuka waziwazi. Vivyo hivyo wa 2 na wa 4. Wa silinda ya 3 ulipotoka, mabadiliko yalikuwa madogo mno. Silinda isiyotikisa injini inapozimwa ni silinda ambayo tayari ilikuwa haichangii.

Hapo ndipo ilipo njia panda ambayo magari mengi ya zamani hupotezwa. Silinda dhaifu yaweza kuwa dhaifu kwa sababu ya ringi, valvu, gasketi ya silinda hedi, plagi, waya au kofia ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, na gharama ya kutengeneza kimoja na kingine zinapishana mno. Fundi wa Machomanne alipima kompresheni. Injini ilikuwa imeshapata moto, betri imejaa, plagi zote 4 zimetolewa, umeme wa koili umekatwa na mlango wa kabureta umefunguliwa wote. Mambo haya nayataja kwa makusudi, kwa kuwa kompresheni inayopimwa injini ikiwa baridi au mlango ukiwa umefungwa hutoa namba za chini zinazomtisha mwenye gari bure. Silinda zilisoma psi (pauni kwa kila inchi ya mraba) 158, 155, 152 na 160. Kwa injini ya 22R, Toyota inataja psi 171 kuwa kipimo cha kawaida, psi 142 kuwa mwisho wa kuvumilika, na tofauti baina ya silinda isizidi psi 14. Silinda ya 3, iliyokuwa ikishukiwa, ilikuwa na psi 152, na tofauti kubwa kabisa baina ya silinda ilikuwa psi 8. Injini iliyohukumiwa kufunguliwa ilikuwa nzima.

Niliuliza angefanya nini kama namba ingekuwa ndogo. Alisema angetia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena: kompresheni ikipanda, ringi ndizo zinazopitisha, kwa kuwa oili imeziba kwa muda, isipopanda, atazame valvu au gasketi, na silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi baina yao ndiyo ya kushukiwa kwanza. Maelezo haya aliyatoa kwa Kiswahili cha kueleweka na mtu asiyekuwa fundi, bila kuharakisha. Mtu anayelipia anastahili kujua kwa nini analipa, na ni wachache wanaoliona hilo kuwa sehemu ya kazi yao.

Plagi zenyewe zilikuwa ushahidi mwingine. Ya 1, ya 2 na ya 4 zilikuwa na rangi nyeupe kupita kiasi, alama ya mchanganyiko wenye hewa nyingi na mafuta machache. Ya 3 ilikuwa nyeusi na imelowa petroli isiyoungua. Alibadilishana plagi ya silinda ya 3 na ya 2, akawasha, na ubovu ukabaki palepale kwenye silinda ya 3. Kwa hiyo plagi ilikuwa haina kosa. Kisha akachukua mita ya umeme na kupima nyaya. Tatu kati yake zilisoma baina ya omu 9,000 na 13,000, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Waya wa silinda ya 3 ulisoma zaidi ya omu 40,000, na ulipokunjwa kidogo mshale wa mita ulirukaruka, ilhali kiwango cha juu ambacho Toyota inaruhusu kwa waya mmoja ni omu 25,000. Ncha yake inayoingia kwenye kofia ya distribyuta ilikuwa imeota kutu ya kijani. Anayeishi kisiwani hahitaji kuelezwa sana juu ya hilo: hewa yetu ina chumvi na unyevu, na shaba iliyoachwa wazi haidumu. Waya kama huo huweza kupitisha cheche hafifu injini inapokwenda bila mzigo, na hushindwa pale gari linapopanda kilima na mgandamizo ndani ya silinda unapokuwa mkubwa. Milio kwenye bomba la moshi ilitokana na petroli iliyotoka bila kuungua na kuwaka huko nje.

Ikabaki hewa. Baina ya kabureta na manifoldi ya 22R kuna kipande kinene cha plastiki ngumu chenye kazi ya kuzuia joto la injini lisipande na kuichemsha petroli ndani ya kabureta. Fundi alipuliza dawa ya kusafishia kabureta kwa michirizi mifupi kuzunguka mipira ya vakyumu, kisha maungio ya manifoldi na silinda hedi, kisha kipande hicho, huku akisikiliza. Alipofika kwenye pembe moja ya kipande, mzunguko ulipanda na mngurumo ukalainika, kwa sababu dawa ile inawaka kama mafuta, na injini iliyokuwa na njaa ya mafuta ilikuwa inainyonya kupitia ufa. Katika injini hii manifoldi ya moshi iko upande wa pili wa silinda hedi, jambo linalopunguza hatari ya kipimo hiki, lakini haliiondoi. Nitarudi kwenye suala hilo. Alizikaza nati kwanza, kwa kuwa mara nyingine hilo hutosha, na uvujaji ulipoendelea akaishusha kabureta. Ufa ulikuwepo, mwembamba, ukitoka ukingoni hadi kwenye tundu la kupitishia mchanganyiko. Plastiki iliyokaa juu ya joto kwa miongo kadhaa hupasuka, na sidhani kama yuko wa kulaumiwa kwa hilo.

Hapo ikafahamika kwa nini kabureta mpya haikusaidia. Ilifungwa juu ya kipande kilekile kilichopasuka, na hewa iliyokuwa ikiingia chini ya kabureta ya zamani iliendelea kuingia chini ya kabureta mpya. Hakuna skrubu ya kurekebishia mchanganyiko inayoweza kutibu hewa inayoingia baada ya kabureta, na gereji ya mwanzo ilikuwa imeizungusha skrubu hiyo mpaka mwisho wa uwezo wake. Fundi wa Machomanne alinishauri niisafishe kabureta ya zamani na kuiweka, kwa kuwa kwa maoni yake ilikuwa na maisha marefu kuliko ile mpya ya bei nafuu, na ndivyo nilivyofanya.

Matengenezo yenyewe nayasema kwa ufupi, kwa kuwa ubovu ukishajulikana kazi iliyobaki ni ya kawaida. Kipande hakikupatikana Chake wala Wete, kikaagizwa Unguja na kuja kwa boti pamoja na gasketi zake. Nilipendekeza ufa ule uzibwe kwa silikoni ili gari lifanye kazi wakati tunasubiri, naye akakataa, akieleza kwamba silikoni ya kawaida ya gasketi hulainika inapokutana na petroli na vipande vyake huvutwa ndani ya injini. Nyaya zote 4 zilibadilishwa pamoja, kwa kuwa zilikuwa za umri mmoja. Valvu alizipima injini ikiwa moto na kuziweka kwenye nafasi ya milimita 0.20 kwa za kuingizia na 0.30 kwa za kutolea moshi. Moja ya kutolea moshi ilikuwa imebana, na valvu iliyobana haifungi sawasawa ikipata joto, hupoteza kompresheni na mwisho huungua ukingoni. Mwishoni alirudisha geji ya vakyumu. Mshale ulisimama kwenye inchi 19 na haukucheza. Kisha akataka gari lipakiwe magunia na lipandishwe kilima mbele yake, kwa kuwa, kama alivyosema, sailensa nzuri ni nusu ya jibu tu kwa gari lililokuja na malalamiko ya mlimani.

Sasa bei, kwa kuwa najua hili ndilo litakalobishaniwa. Alinitoza shilingi 30,000 kwa kupima na 40,000 kwa kutengeneza, na spea nilinunua mwenyewe kwa orodha aliyoniandikia. Ile ya kupima hulipwa hata kama mtu ataamua kwenda kutengeneza kwingine, na aliitamka bei hiyo kabla hajaanza. Wako wanaosema kwamba kumlipa fundi kwa kuangalia tu ni kumpa pesa ya bure, na kwamba fundi wa kweli huangalia bila malipo. Siafikiani nao hata kidogo. Fundi anayeangalia bila malipo lazima apate riziki yake kwenye kitu kingine, na kitu hicho ni spea atakayoibadilisha. Kadiri anavyobadilisha vingi ndivyo anavyopata, na hakuna kinachomsukuma kukwambia kwamba kitu chako ni kizima. Anayelipwa kwa kupima hupata malipo yaleyale akikuta injini imekufa au akikuta waya mmoja mbovu, kwa hiyo neno lake halina sababu ya kuelemea upande wowote. Kwa pesa za kabureta peke yake, tuliyoinunua bila kuihitaji, tungeweza kulipia vipimo vya namna hii mara kadhaa.

Lipo jambo jingine linaloifanya huduma hii iwe na thamani kwa magari haya hasa. Mafundi vijana wengi wamejifunza kazi kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na kwa magari ya sasa wanafanya vizuri. Hilux yenye kabureta haina kompyuta ya injini wala mahali pa kuchomeka mashine hiyo. Inabaki kusomwa kwa geji, mita, taa, masikio na mpangilio wa fikra, na wenye ujuzi huo wanazidi kuwa wachache wakati magari yenyewe bado yapo barabarani na bado yanategemewa. Msaidizi wa gereji hii ni kijana, na nilifurahi kuona fundi akimwachia asome mshale kwanza na kusema anachofikiri kabla yeye mwenyewe hajatoa jibu.

Kasoro zipo, na nazieleza kwa kuwa natamani gereji hii idumu. Kubwa kuliko zote ni usalama wa moto. Dawa ya kusafishia kabureta huwaka kwa urahisi, injini inakuwa ya moto, na cheche zinaruka hatua chache kutoka hapo. Banda lina ndoo ya mchanga tu, wala halina kizimamoto. Mchanga unafaa kwa petroli iliyomwagika chini, lakini haufai kwa moto ulio ndani ya boneti. Nilimweleza, akapokea vizuri, na natumaini wateja wengine watamkumbusha mpaka akinunue. Pili, matokeo ya vipimo hayaandikwi mpaka mteja aombe; yangu aliyaandika kwenye boksi la plagi, na nimelihifadhi kwa sababu mwakani namba zile zitanionyesha kama injini inachakaa au imebaki ilipo. Karatasi moja yenye nafasi ya kompresheni ya silinda 4, vakyumu na nyaya ingetosha, na ingempa mteja kitu cha kwenda nacho kwenye gereji nyingine ikibidi. Tatu, kazi inakwenda polepole. Anapokea gari moja kwa wakati, na wakati wa msimu wa karafuu, ambapo kila mwenye pikapu anataka gari lake leo, mtu anaweza kusubiri siku kadhaa kabla ya zamu yake. Mvua ya upepo nayo huingia bandani, na siku kama hiyo vipimo vya umeme husimama, jambo ambalo kwa kweli ni la busara.

Huduma hii inawafaa wenye magari ya petroli yenye kabureta: Hilux za zamani na pikapu nyingine za rika hilo. Magari ya sindano za petroli zinazoendeshwa na kompyuta hayapokei, na husema hivyo mapema badala ya kujaribia ujuzi kwenye mali ya mtu. Anayejua tayari kitu gani kimeharibika na anataka kibadilishwe haraka atapata gereji nyingi za karibu zaidi na za haraka zaidi.

Anayeamua kulipeleka gari lake asioshe injini kabla ya kwenda, kwa sababu madoa ya mafuta na vumbi lililogandia kwenye maungio humwonyesha fundi pale panapovuja, na asizungushe skrubu za kabureta ili ionekane nafuu njiani. Apeleke plagi na vitu vyote vilivyotolewa na gereji zilizotangulia. Plagi nyeupe zilizotolewa mwanzo kwenye gari letu, ambazo kijana alikuwa hajazitupa, zilithibitisha kwamba hewa ilikuwa ikiingia tangu kabla ya kabureta kubadilishwa. Dereva wa kila siku aende mwenyewe, kwa kuwa majibu ya maswali ya mwanzo anayo yeye. Ni bora gari lilale hapo usiku wa kuamkia siku ya kupimwa, ili asubuhi liwashwe likiwa baridi mbele ya fundi. Siku ya Ijumaa banda hufunguliwa baada ya sala, na siku hiyo hapimi. Hufanya kazi ndogondogo zilizobaki za wiki.